Presha ya Mlangoni

Matangazo ya kazi za migodini nchini Zambia yana sharti ambalo halikosekani. Baada ya cheti cha shule na miaka ya uzoefu, mwombaji huambiwa awe na cheti hai cha silikosisi. Ili akipate, lazima apitie uchunguzi wa taasisi ya serikali yenye makao yake Kitwe, ambayo kwa sheria ya 2010 inaitwa Taasisi ya Afya na Usalama Kazini. Uchunguzi huo ulianzishwa kwa ajili ya mapafu. Vumbi la mwamba likivutwa miaka mingi huacha makovu ndani ya mapafu, na makovu hayo hayafutiki. Kwa hiyo mchimbaji hupigwa eksirei kabla hajashuka shimoni hata mara moja, kisha hupigwa tena na tena katika maisha yake ya kazi, ili picha ya baadaye ilinganishwe na ile ya mwanzo. Utaratibu huo una faida kwa mchimbaji mwenyewe. Asiyekuwa na picha ya kwanza atapata taabu kuthibitisha kwamba ugonjwa aliupata kazini.

Sura hii inahusu kipimo kingine, ambacho mwombaji hukutana nacho akiwa tayari ameahidiwa kazi lakini hajatia saini. Mkanda hufungwa juu ya kiwiko, hujazwa hewa, na baada ya muda mfupi hutoa namba mbili. Kwa watu wengi wanaotoka vijiji vya mbali, hiyo ndiyo habari ya kwanza ya presha yao waliyowahi kupewa tangu wazaliwe, na wanapewa na mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni kuamua kama waajiriwe.

Kafutuma iko ufukweni mwa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Watu huishi kwa samaki na mihogo, na kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu huwa mirefu kwa mwenye watoto wa kulisha. Wanaume wa bonde la Luapula kuondoka kwenda kutafuta mshahara ni jambo la zaidi ya miaka 100. Kampuni ya Union Minière ilipoundwa 1906 kuchimba shaba ya Katanga, mawakala wa Robert Williams walikuja kuandikisha vibarua upande huu wa mto. Baadaye migodi ya Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, ikafunguka, Roan Antelope ya Luanshya ikaanza kutoa shaba 1931, na safari zikaelekea huko.

Watu hao walioandikishwa walipimwa. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya uandikishaji wa wenyeji wa makoloni, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba kila aliyeandikishwa achunguzwe na daktari. Sharti hilo liliwekwa kuwalinda watu dhaifu wasisafirishwe kwenda kufia ugenini. Lakini swali aliloulizwa daktari lilibaki la kampuni: huyu ataweza kazi mpaka mkataba uishe? Aliyeonekana hawezi alirudishwa kwao. Hakuna aliyetumwa kumfuata kijijini ili ajue maradhi yake yaliishia wapi, kwa sababu hayo hayakuwa sehemu ya swali.

Kifaa cha kupimia presha nacho kilizoea milango ya namna hiyo tangu utoto wake. Scipione Riva-Rocci alikitengeneza mjini Turin mwaka 1896, na Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha mwaka 1905 namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda ili kupata namba zote mbili, ile ya moyo unapokaza na ile ya moyo unapolegea. Wakati madaktari wengi wa hospitali wakiwa bado hawajakizoea, kampuni ya bima ya maisha ya Northwestern Mutual ya Milwaukee, Marekani, ilianza kukitumia mwaka 1907 kwa waombaji wa bima, chini ya daktari wake John W. Fisher. Kampuni ilitaka kujua nani atakufa mapema ili isimpe bima. Fisher aligundua jambo la kweli, kwamba wenye namba za juu hufa mapema, hata kama siku ile ya kupimwa hawaumwi popote. Ujuzi tulio nao leo kuhusu hatari ya presha kwa sehemu ulitokana na watu wale waliokataliwa.

Sasa mfuate kijana wa Kafutuma aliyeitwa kupimwa Kitwe. Simpi jina, maana si mmoja. Anapanda gari Kashikishi alfajiri, anapita Mwansabombwe kwa chifu Mwata Kazembe, anapita Mwense na Mansa, anavuka daraja la Chembe lililofunguliwa 2008, kisha anakatiza ile pembe ya ardhi ya Kongo inayoigawa Zambia karibu nusu kwa nusu. Kuna ukaguzi wa karatasi wakati wa kuingia Kongo na mwingine wakati wa kutoka, pale Mokambo. Anapita Mufulira, anafika Kitwe usiku. Njiani amekula viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa chumvi, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa dirishani mwa basi. Analala kwa ndugu, kwenye kochi, na usingizi hauji. Asubuhi anakunywa chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu ili asionekane amechoka. Kwenye foleni mkojo unambana, lakini anaogopa kuacha nafasi yake. Akiitwa, anakaa kwenye stuli isiyo na egemeo, mkono unaning'inia, na nesi anamuuliza tarehe ya kuzaliwa na jina la baba huku mkanda ukiwa umeshaanza kukaza.

Mashine inaonyesha 158 kwa 96. Anaambiwa presha iko juu, hafai.

Karibu kila kitu alichopitia kijana huyo tangu jana yake kinaweza kupandisha presha. Kafeini inapandisha, kibofu kilichojaa kinapandisha, kuongea wakati wa kupimwa kunapandisha, kukesha kunapandisha. Mkono ukining'inia badala ya kulazwa mezani usawa wa moyo, namba huongezeka: watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walilipima jambo hilo, wakachapisha mwaka 2024 kwamba mkono uliolazwa mapajani uliongeza karibu milimita 4 kwenye namba ya juu, na uliolegezwa ubavuni uliongeza zaidi ya 6. Mwaka uliotangulia, watafiti wa chuo hichohicho walionyesha kwamba mtu mwenye mkono mnene sana, anayehitaji mkanda mkubwa kabisa, akifungwa mkanda wa kawaida namba yake ya juu huongezeka kwa karibu 20. Fundi seremala anayekuja kuomba kazi ana mikono iliyojaa misuli, na kliniki nyingi zina mkanda mmoja tu.

Kisha kuna hofu. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milan walichapisha utafiti ambao kila anayepima watu kwa ajili ya ajira angepaswa kuujua kwa moyo. Waliwawekea wagonjwa kipimo ndani ya mshipa wa damu chenye kurekodi bila kukoma, kisha wakamwacha daktari aingie chumbani na kupima presha kwa mkanda. Daktari alipofika tu, presha ilianza kupanda. Ndani ya dakika nne za kwanza namba ya juu ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa karibu milimita 27, halafu ikaanza kushuka taratibu huku daktari angali palepale. Wale walikuwa wamelala kitandani na hawakuwa na chochote cha kupoteza. Kijana wetu ameketi mbele ya mtu mwenye kalamu inayoweza kumpa au kumnyima mshahara wa kwanza wa maisha yake, na ukoo mzima kule ziwani unasubiri simu.

Ndiyo maana miongozo yote ya tiba inasema mtu asiitwe mgonjwa wa presha kwa kipimo cha siku moja. Apumzike dakika tano, apimwe zaidi ya mara moja, arudi siku nyingine, na ikiwezekana apimwe pia nyumbani. Kipimo kimoja kinatosha kwa dharura tu, pale namba zinapofika 180 kwa 110 au zaidi na mtu ana dalili za hatari kama maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu upande mmoja. Ofisi ya ajira inayoandika "hafai" kwa kipimo kimoja cha 158 inafanya jambo ambalo daktari wa wodini asingekubali kulifanya kwa mgonjwa wake, na inalifanya kwa mtu ambaye hana pa kukatia rufaa.

Lakini sitaki msomaji afunge kitabu hapa akiamini kwamba presha ya mlangoni ni ya uongo. Huenda namba za yule kijana ni zake kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Mmoja tu kati ya watano ndiye ambaye presha yake imedhibitiwa. Nchini Zambia, utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Na ugonjwa huu hauumi. Mtu anaweza kuvuta nyavu usiku kucha akiwa na 170 kwa 105, na asijisikie tofauti yoyote mpaka siku ambayo mshipa wa kichwani unaziba au kupasuka, au figo zinapokuwa zimeshachakaa kiasi cha kutorekebishika. Kiharusi kinapomwangusha mtu mwenye umri wa miaka 40 asubuhi moja bila onyo, familia huanza kumtafuta aliyemloga. Siwalaumu. Bila namba, hawakuwa na njia nyingine ya kueleza kwa nini mtu mzima na mwenye nguvu ameanguka hivyo.

Kwa hiyo kupima ni lazima, na mlango wa kazi ni mahali pazuri pa kupimia. Kijana mwenye afya haendi kliniki. Kwenye uchunguzi wa kazi anakuja kwa miguu yake, na anakuja katika umri ambao matibabu yangemlinda kwa miaka 40. Linalonisumbua ni kinachofanyika baada ya namba kusomwa.

Afrika Mashariki imechangia katika kuuelewa ugonjwa huu kuliko wengi wanavyojua, na mchango huo unahusu moja kwa moja watu wanaoacha kwao kwenda kazini. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amepima wanaume 1,000 wa huko, na kwamba presha zao hazikupanda na umri kama za Wazungu. Baada ya miaka 40 zilielekea kushuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Wengi wa zama zake walisoma maneno hayo kana kwamba mwili wa Mwafrika umeumbwa tofauti. Walikosea. Katika miaka ya 1940 daktari A. W. Williams alikuwa akiwaona Waganda wenye mioyo iliyoharibiwa na presha, na aliandika juu yao. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni maisha.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka jeshini. Gerald Shaper, aliyefundisha Makerere, na wenzake walichunguza vijana wa Kisamburu wa kaskazini mwa Kenya, na wakachapisha matokeo mwaka 1969. Hao walikuwa morani, wembamba na wepesi, waliokulia kwenye maziwa, nyama na mwendo mrefu nyuma ya ng'ombe, na presha zao zilikuwa za chini. Baadhi yao waliandikishwa katika jeshi la Kenya. Kambini walipewa posho yenye chumvi nyingi mno kuliko waliyoizoea, na miili yao ikabadilika, na presha zao zikapanda. Askari ni mtu aliyechaguliwa kwa sababu ana afya. Alipita mlangoni salama, na ugonjwa ukaanzia ndani.

Baadaye Neil Poulter na wenzake walifanya kazi iliyohitaji subira zaidi. Waliwapima vijana wa Kiluo vijijini magharibi mwa Kenya, kisha wakawafuata wale waliohamia Nairobi kutafuta kazi na kuendelea kuwapima kwa miezi mingi, huku wakiwalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Presha za waliohamia zilikuwa juu ya zile za waliobaki, na tofauti hiyo ilianza mapema, ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo ukilinganisha na chakula cha kijijini, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, na uzito nao ulihusika. Hakuna aliyewaambukiza. Walikuwa wamepanda basi na kubadilisha chungu cha kupikia.

Nikiisoma kazi hiyo namwona mtu wa Mweru. Kwao anakula ubwali, yaani ugali, wa mihogo na kisamvu kinachoitwa katapa, chenye potasiamu ya kutosha, na samaki aliyetoka majini leo. Kwenye mabweni na vibanda vya Copperbelt anakula mkate, supu za pakiti, soseji, viazi vya kukaanga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula, na chakula cha mjini kinamaliza kijiko hicho kabla ya saa sita mchana. Ziwa nalo si salama kabisa. Samaki anayesafirishwa mbali lazima akaushwe, apigwe moshi au atiwe chumvi, na familia inayokula yule wa chumvi bila kumloweka kwanza na kumwaga maji inajipa chumvi ya Kitwe hukohuko Nchelenge.

Sasa tazama maana ya habari za Samburu na za Nairobi kwa mwajiri. Akimkataa kijana mwenye 158 na kumwajiri mwenzake mwenye 124, halafu asimpime tena huyo wa pili, hajailinda kampuni wala mtu. Zamu za usiku, chakula cha kantini, kelele za mashine, pombe ya kujiliwaza na unene wa maisha mapya vitafanya kazi yao kwa huyo wa 124. Baada ya miaka mitano huenda akawa na presha, na hakuna atakayejua. Mgodi unaopiga eksirei tena na tena kwa sababu ya vumbi unaweza kupima presha kwa utaratibu huohuo na kumpa mfanyakazi dawa, kwa gharama ndogo kuliko matairi ya lori moja la kubebea mawe.

Zipo kazi ambazo presha kali isiyotibiwa ni sababu halali ya kumzuia mtu. Anayeendesha lori la shaba kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam, anayepanda minara, anayezamia majini, anayeshuka kina kirefu: akipatwa na kiharusi hapo atakufa, na pengine ataua wengine. Hata kwa kazi hizo, wenye kufikiri vizuri hawakuishia kwenye neno hafai. Mwongozo wa pamoja wa Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Kimataifa la Bahari, unaotumika kuwapima mabaharia, wakiwemo vijana wetu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, unaweka mpaka wa 160 kwa 100. Aliye juu ya hapo anazuiwa kwa muda mpaka achunguzwe na kutibiwa. Dawa zikimshika vizuri bila kumletea madhara ya kumzuia kufanya kazi, anaruhusiwa kwenda baharini. Kijana wetu wa 158 kwa 96 asingezuiwa hata kwenye meli, ambako hospitali iko mbali kwa siku kadhaa. Alizuiwa kwa kazi ya nchi kavu.

Na kwa karani, mwalimu, mpishi au mlinzi wa geti, sioni presha ya 158 inamhusu vipi mwajiri. Inamhusu mwenye mwili, nayo inamhusu sana.

Sheria hazijanyamaza. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1998 juu ya uchunguzi wa afya za wafanyakazi unataka kipimo kihusiane na kazi yenyewe, na unataka mwajiri aelezwe kama mtu anafaa kwa kazi ile au anafaa kwa masharti, bila kukabidhiwa siri za ugonjwa wake. Nchini Zambia, mwaka 2010 Mahakama Kuu iliyoketi Livingstone iliamua kesi ya watu wawili waliokuwa katika Jeshi la Anga, waliopimwa virusi vya UKIMWI bila kuombwa ridhaa, na ikasema haki zao zilivunjwa. Sheria ya Ajira ya 2019 inataja afya miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mtu. Kesi ile haikuhusu presha, lakini iliweka msingi: mkono wa mwombaji kazi ni wake hata akiwa na njaa ya kazi.

Haki ya karatasini haimfikii mtu aliyeogopa, na hofu ya kipimo hiki imezaa desturi ya hatari. Mtu anasikia kwamba kesho kuna kipimo, anakwenda kwa jirani mwenye presha na kuomba vidonge. Anameza viwili au vitatu usiku, vingine asubuhi. Anayepewa nifedipini ya kufanya kazi haraka huambiwa aipasue na kuiweka chini ya ulimi. Zamani hata hospitali zilifanya hivyo, mpaka mwaka 1996 madaktari walipoonya katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba presha inayoporomoshwa ghafla namna hiyo inaweza kuunyima ubongo na moyo damu. Mtu anakwenda kuzuia asiitwe mgonjwa, anarudi amepooza. Wengine ambao tayari walikuwa wanatibiwa huficha, wanapita, halafu huacha dawa kabisa kwa kuogopa kwamba kidonge kikionekana kwenye begi la bwenini kitawatoa kazini. Lawama ya hilo naiweka kwa fomu yenye visanduku viwili tu, anafaa na hafai, isiyo na cha tatu kinachosema atibiwe kisha aanze kazi.

Wapo pia wasiopita mlango wowote. Mama anayepiga moshi samaki ufukweni, anayeamka usiku kupokea mitumbwi na kusafiri juu ya magunia ya dagaa wanaoitwa chisense hadi sokoni, hana mwajiri wa kudai cheti. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na watafiti wamekuwa wakienda huko kwa miaka. Mtoto wake ametobolewa kidole mara nyingi kutafuta vimelea, na ni haki. Mkono wa mama mwenyewe hufungwa mkanda akiwa mjamzito, kisha ujauzito ukiisha na kipimo kinaisha. Tangu 2006 ada za huduma za msingi zimeondolewa vijijini nchini Zambia. Kumpima mama huyo siku anapomleta mtoto mwenye homa hakuhitaji jengo jipya wala safari ya pili. Kunahitaji mkanda usiotoboka, betri, na nesi aliyeambiwa kwamba hiyo pia ni kazi yake. Wanaume wanaovua wanaweza kupimwa Desemba, nyavu zikiwa zimeanikwa na wao wako nyumbani.

Kwa aliyekwisha kurudishwa na karatasi yake mkononi, haya ndiyo ninayomwomba afanye. Asiitupe karatasi, na asimeze dawa ya mtu. Aende kituo cha afya cha karibu, au Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi kama yuko upande huo, aombe kupimwa upya akiwa amepumzika, amekwenda haja, hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishanishwa, mkono uko mezani, mdomo umefungwa. Apimwe mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili. Arudi siku nyingine mbili au tatu, na kila namba iandikwe na tarehe yake. Kama wastani uko chini ya 140 kwa 90, namba hizo zilizopigwa muhuri ndizo atakazopeleka kwa mwajiri kuomba apimwe tena, na zina nguvu kuliko kile kipimo cha foleni. Kama uko juu, basi kipimo cha mlangoni kimemwokoa, na mazungumzo yanayofuata ni ya matibabu: mkojo uangaliwe kama una protini, figo zipimwe kwa damu, chumvi ipunguzwe, dawa ianzishwe. Ampe mwajiri barua ya daktari inayosema ameanza tiba na lini atakuwa tayari kupimwa. Amlodipini, ambayo ni moja ya dawa zinazotumika sana, huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake, na mara nyingi huhitaji kuongezewa dozi au dawa ya pili. Tarehe ya kurudi mlangoni iandikwe mwezi mmoja mbele, na kazi yake ishikiliwe mpaka hapo.